Zawadi ya Wati Elfu Moja

Kwa aliyejiunga nasi leo, nimweleze upesi kisha twende. Mimi naitwa Rula. Si jina la kuzaliwa. Nilibandikwa ofisini, kule nilikokuwa nachora ramani za nyumba, kwa sababu sikuwa natoka bila rula mkobani. Kazi ile iliisha siku nilipomwambia bosi, mbele ya mteja, kwamba ngazi aliyoichora ingempasua huyo mteja kichwa kila akipanda kwenda kulala. Mteja alicheka. Bosi hakucheka.

Nikarudi kwa Mjomba, kaka wa marehemu mama yangu. Ni kinyozi, ni mgane, na ndiye aliyenilea. Sikuwa hata nimemaliza kupanga nguo zangu kabatini, kompyuta yangu ndogo ya kubeba ikatumbukia kwenye ndoo ya kulowekea taulo za saluni. Ilikuwaje, msiniulize tena. Hayo nimekwisha kuyalilia hapa hapa gazetini.

Halafu akatokea Mama Mayai.

Mama Mayai anauza mayai kwa jumla na ana sauti ya kufungua milango. Anataka kujenga ghorofa, na karatasi hataki kuzisikia. "Nataka niione nyumba yangu kwenye kioo cha kompyuta," alisema. "Nitembee humo. Niingie jikoni, nipande juu, nichungulie dirishani. Nikiridhika, ya kwangu unachora wewe, na ya dada yangu, na za wanangu wote."

Angekuja kuiona Jumatatu.

Sasa, kumtembeza mtu ndani ya nyumba ambayo haijajengwa kunataka kompyuta yenye misuli. Nikaamua kuiunda mwenyewe. Kufikia Alhamisi vitu vyote vilikuwa mezani, kwenye chumba changu kilicho nyuma ya saluni: kasha, ubao mkuu wanaouita madabodi, prosesa, memori, diski, na kadi ya picha nene kama tofali. Kilibaki kitu kimoja tu, pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kumgawia kila mmoja humo ndani sehemu yake.

Hicho nilikuwa nimejiapiza kukichagua kwa makini kuliko vyote. Maana prosesa ikiwa dhaifu, kompyuta inakuwa nzito tu. Pawa saplai ikiwa ya ovyo, inakufa na kuwaburuta wenzake wote kaburini.

Ndipo mlango ukasukumwa kwa kiwiko.

"Rula! Funga macho!"

Alikuwa Mjomba, bado na koti lake jeupe la kazi, nywele za watu zimemganda mabegani.

"Mjomba, nimeshika kadi, ikinianguka—"

"Funga macho nimesema!"

Nikafunga. Nikasikia kitu kikiwekwa mezani, halafu Mjomba akirudi nyuma na kupumua kama mtu aliyepanda mlima.

"Fungua!"

Lilikuwa boksi lenye picha ya simba anayetema moto. Juu ya simba, kwa herufi za dhahabu: WATI 1000.

"Elfu moja!" Mjomba akasema, akapiga kofi moja hewani. "Nilimuuliza yule jamaa anayepanga vitu kando ya barabara, hakuna kubwa kuliko hii? Akaniambia mzee, hii ndiyo baba lao. Na ina taa! Feni yake inawaka nyekundu, buluu, kijani, yenyewe inajibadilisha. Yenyewe, Rula!"

"Mjomba..."

"Usiniambie asante. Mama yako angekuwepo angekununulia yeye. Hayupo. Nipo mimi."

Jamani. Mtu akikwambia hivyo unasema nini?

Nikamkumbatia. Nikatoa ile pawa saplai kwenye boksi kwa heshima zote, na hapo moyo ukanidondoka. Mikono yangu ilikuwa imejiandaa kupokea uzito. Badala yake ikapaa juu, nikajikuta nimeinua kile kitu hadi usawa wa pua. Kilikuwa chepesi kama mkate.

"Unaona ilivyo nyepesi?" Mjomba akasema kwa fahari. "Teknolojia!"

"Naona, Mjomba."

"Basi Jumamosi alasiri tunaiwasha. Pale saluni, mbele ya vioo. Nimeshawaambia wote."

"Wote akina nani?"

"Wote ninaowanyoa."

"Na Kipara?"

"Kipara ndiye wa kwanza kukubali."

Kipara ni mzee ambaye hana unywele hata mmoja, na hajakosa siku kwenye saluni ya Mjomba. Ukimuuliza anafuata nini, anasema anafuata feni.

Mjomba alipotoka akipiga mluzi, nikaigeuza zawadi yangu na kusoma kibandiko cha ubavuni. Kwa juu wameandika elfu moja. Kwa chini, kwa maandishi ya kutafutia miwani, wameandika ule mkondo wa volti kumi na mbili unatoa kiasi gani, na huo ndio unaolisha prosesa na kadi ya picha. Ampea ishirini na tano. Nikazidisha. Wati mia tatu.

Nikazidisha tena, labda nimekosea. Mia tatu ile ile. Kadi yangu na prosesa, zikipamba moto pamoja, zinataka zaidi ya mia nne.

Yaani Mjomba wangu alikuwa ameninunulia taa za rangi zilizofungiwa kwenye kopo.

Kumwambia nilishindwa. Asubuhi nilimkuta anamnyoa mtu huku akimsimulia habari za wati, mashine imesimama juu ya kichwa cha watu nusu saa nzima. Nikaitia zawadi mkobani, nikasema naenda kununua waya.

"Nunua mrefu!" Mjomba akaniambia. "Usibanebane mambo!"

Mtaa wa vifaa vya kompyuta ni duka ubavuni mwa duka, na katika kila mlango kuna kijana anayekuvuta mkono. Mimi nilikuwa nimesikia habari za duka moja lisilo na mtu mlangoni, lile la mwisho, ambalo mwenyewe wanamwita Fundi Subiri. Wengine wanamsifu. Wengine wanasema huyo bwana unaweza kumpelekea pesa akakataa kukuuzia.

Nilimkuta ameinama juu ya meza, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio kama kalamu ya seremala. Kijana mrefu, miwani imeshuka puani.

"Nataka pawa saplai," nikasema.

"Subiri." Hakuinua kichwa. "Ya kazi gani?"

"Ya kompyuta."

"Hilo nimelikisia. Kompyuta ya kufanya nini?"

"Ya kutembeza watu ndani ya nyumba ambazo hazipo."

Hapo akainua kichwa. Akapandisha miwani. Mimi nami, sijui kwa nini, nikaweka sawa mkoba ambao haukuwa umepinda.

Nikamtajia kadi yangu, prosesa, diski, feni. Akawa anajumlisha midomo ikichezacheza. Nilipomwambia nilivyoacha kazi, yale ya ngazi na kichwa cha mteja, bisibisi ikamdondoka sikioni.

"Subiri. Subiri kidogo. Ndiye wewe wa ngazi?"

"Umeyasikia wapi?"

"Mji mzima umeyasikia! Mimi nimeyasimulia hapa dukani mpaka nimeongeza chumvi. Kwenye ya kwangu mteja anaanguka."

"Hakuanguka."

"Kwenye ya kwangu anaanguka," akasema, na tukacheka mpaka jirani wa duka la pili akagonga ukuta.

Ndipo nikatoa zawadi ya Mjomba. Kicheko kikakatika. Aliipokea, na mikono yake nayo ikapaa, kama ya kwangu.

"Nani anakuchukia?" akauliza.

"Nani ananipenda, uliza hivyo. Ni zawadi. Nataka tu uniambie kama labda, kwa bahati, inaweza ikafaa."

"Tuiulize yenyewe."

Alikuwa na ubao uliopigiliwa taa za gari, zimepangwa safu, kila moja na swichi yake. Akaunganisha waya za pawa saplai kwenye ubao, akachukua kipande cha waya akakutanisha ile ya kijani na nyeusi, feni ikaamka. Nyekundu, buluu, kijani. Kusema haki ilipendeza.

"Kila taa ni mzigo," akaeleza. "Tunamwongezea kidogo kidogo, kama ambavyo kadi yako ingemwongezea. Wa elfu moja kweli ataziwasha zote na bado atauliza ziko wapi nyingine."

Akawasha ya kwanza. Sawa. Ya pili. Sawa. Ya tatu, nikasikia kitu kinalia kwa mbali, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

"Hiyo sauti ni nini?"

"Huyo anaomba msamaha," akasema, akawasha ya nne.

Taa zote zikafifia. Mbu akapandisha sauti. Halafu: PAA!

Nilijikuta nimemshika Fundi Subiri mkono, na yeye amenishika wa kwangu, sote wawili tumechuchumaa nyuma ya meza, moshi unatupita juu ya vichwa na kutoka zake nje.

"Umeua zawadi ya Mjomba!" nikasema.

"Nimeokoa kompyuta yako!"

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie imekufa kishujaa."

Hapakuwa na cha kuchekesha. Nilikuwa na mteja Jumatatu, watu Jumamosi, na zawadi ya Mjomba mkononi inanuka plastiki iliyoungua. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Ikabidi aende kuniletea maji.

Nilinyoosha mkono nifungue kifuniko cha ile zawadi nione ndani, akanizuia. "Subiri. Humo umeme unabaki hata ukishachomoa. Unakaa kimya unamngojea mtu mwenye haraka." Tukakaa. Baadaye akakifungua kwa bisibisi yenye mpini wa mpira, akanionyesha: nusu ya nafasi za vipuri zilikuwa tupu, matundu tu kwenye ubao. Vile vya kuchuja umeme havikuwepo. Vile vya kuukata pakitokea hitilafu havikuwepo. Palipotakiwa kipuri, wamerusha waya.

"Sasa nipe ya kweli," nikasema. "Ile kubwa kule juu."

"Hiyo sikuuzii."

"Kwa nini?"

"Huihitaji. Wewe ukijumlisha vyote unafika mia nne na kidogo. Chukua hii ya mia sita na hamsini, ipate nafasi ya kupumua, isikimbie siku nzima ulimi nje. Mia sita na hamsini zake ni za kweli, soma mwenyewe pale kwenye volti kumi na mbili. Imepimwa, ina muhuri wa waliopima. Umeme ukipanda inajizima, waya zikigusana inajizima. Waya wa kadi yako ni wake mwenyewe, hauungwi na kipande kingine. Na ikifa kabla ya miaka saba, unairudisha hapa nakupa nyingine."

"Na kama wewe hupo miaka saba?"

"Nipo," akasema. "Labda uhame wewe."

Niliichukua. Mikono yangu ikashuka hadi mezani. Nyeusi, nzito, haina taa, haina simba. Nilikuwa sijawahi kupenda kitu chenye sura mbaya namna ile.

Tatizo likabaki Mjomba. Tuliigeuza zawadi yake huku na huku, na katika mzoga mzima kiungo kimoja tu kilikuwa hai: feni. Ukiipa umeme wa kwingine, bado ilikuwa inazunguka na taa zake.

Tukatazamana.

"Naweza kuifunga mbele ya kasha," akasema taratibu. "Itapuliza hewa ndani. Taa zitaonekana. Na ile nyeusi ikikaa chini, nyuma ya kifuniko..."

"Hataiona."

"Sipendi uongo, Rula."

"Mimi pia sipendi. Ni wa Jumamosi tu. Nitamwambia mwenyewe tukiwa wawili. Wewe niahidi kwamba hutamwaibisha mbele ya watu wake."

Alitafuna midomo. "Naahidi," akasema. "Lakini nitakuja kuifunga mwenyewe. Feni ile ukiifunga kinyume itapuliza nje."

Feni hata mtoto anajua kuifunga. Sikumwambia. Na mnaoniandikia kila juma kwamba mimi siwezi kumpenda mtu mwenye akili timamu, subirini kwanza.

Jumamosi saluni ilifurika. Walikuja walionyolewa, waliotaka kunyolewa, na wapita njia waliodhani kuna msiba. Mjomba alikuwa amevaa koti jipya. Kompyuta ilikaa mbele ya kioo kikubwa, skrini ubavuni mwake, na Fundi Subiri amesimama kando ametulizana kama mtu aliyekuja kwa ajili ya waya tu.

"Huyu ni fundi wa waya," nikamtambulisha.

"Waya mrefu?" Mjomba akamuuliza.

"Mrefu, mzee."

"Safi."

Nikabonyeza. Feni ikaamka, nyekundu, buluu, kijani, na vioo vya saluni vikaidaka na kuizidisha mpaka chumba kizima kikawa kinageuka rangi. Watu wakapiga ukelele. Skrini ikawaka, na nyumba ya Mama Mayai ikatokea, kuta, madirisha, jua sakafuni.

Nikawatembeza. Tukaingia sebuleni, tukapita jikoni, tukapanda ngazi. Kipara aliinamisha kichwa kwenye kila mlango. Kompyuta haikukwama hata mara moja. Haikupiga kelele. Nilimtupia jicho Fundi Subiri, naye alikuwa haiangalii kompyuta.

Mimi nilikuwa juu, jamani. Nilikuwa naelea. Ningeweza kuchora mji mzima alasiri ile.

"Mnaona?" Mjomba akapanda juu ya kiti. "Mnaona pawa hiyo? Nani kaichagua?"

"Wewe!" wakajibu.

"Kwa jicho langu! Bila miwani! Sasa ndugu zangu, mimi si mchoyo." Akavuta pazia la kabati la taulo. Nyuma ya pazia, kutoka sakafuni hadi dari, simba wanatema moto. Boksi juu ya boksi. "Nilirudi kwa yule jamaa nikachukua alizonazo zote! Mwenye kompyuta nyumbani, mwenye mtoto mwenye kompyuta, mwenye ofisi, aje achukue. Mmejionea wenyewe inavyofanya kazi!"

Na wakaja. Wote kwa pamoja.

Sikuwa nimemdanganya Mjomba peke yake. Nilikuwa nimesimama pale na kompyuta yangu nzuri nikimtangazia bidhaa. Mkono wa mwalimu wa shule ulikuwa tayari umeshika boksi. Mkono wa mshona viatu wa jirani. Kipara, ambaye hana kompyuta, alikuwa ameshika mawili.

"Fundi," nikanong'ona. "Fanya kitu."

"Nimekuahidi sitasema."

"Basi fanya bila kusema!"

"Subirini!" akapaza sauti.

Chumba kikageuka. Mjomba, juu ya kiti, akamtazama. "Nini, fundi wa waya?"

"Mzee, kabla hujauza hata moja..." Akanitazama. Nikatikisa kichwa. Nikaona macho yake yakizunguka chumba kutafuta neno lolote lililolala karibu. "Kabla hujauza, mimi... nimekuja kuposa."

"Kumposa nani?" Mjomba akauliza.

"Rula."

"Rula huyu?"

"Kuna mwingine?"

Saluni ikalipuka. Maboksi yakawekwa chini, mikono ikahitajika kwa makofi. Mwalimu akamkumbatia mshona viatu. Kipara akanikumbatia mimi, kisha Fundi, kisha kompyuta.

Katikati ya vurugu ile nikamvuta Fundi shati. "Umechanganyikiwa?"

"Nisamehe. Sikuwa na kingine kichwani."

"Kwa hiyo hukumaanisha?"

"Sijasema sikumaanisha."

Kwikwi zikanirudia.

Mjomba alikuwa ameshuka kwenye kiti. Alijifuta macho kwa pindo la koti jipya. "Watu wangu," akasema, sauti imepasuka. "Mtoto wa dada yangu amepata mtu. Leo sifanyi biashara. Leo siuzi kitu!"

Nikapumua. Nikaegemea ukuta. Tumepona.

"Leo nagawa bure!" akamalizia. "Kila mmoja abebe lake!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna mtu mwingine wa kuliokoa jambo lile. Watu walikuwa wanapanga foleni. Wanamshukuru. Wanakwenda kuzifunga majumbani mwao, usiku huo huo, kwa mapenzi yao kwa Mjomba.

"Mjomba, usigawe."

Hakusikia. Nikachukua bisibisi nyuma ya sikio la Fundi, nikafungua kifuniko cha kasha, nikakiweka sakafuni kikapiga kelele. Sasa wakasikia.

"Mjomba, njoo uangalie huku chini."

Akaja. Akavaa miwani. Akainama, mikono magotini, akaitazama ile nyeusi, nzito, isiyo na taa. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii si yangu," akasema.

"Si yako, Mjomba. Yako ni feni tu. Yenyewe ililipuka dukani, kabla haijafika hata nusu ya kazi. Wati elfu moja ziko juu ya boksi, ndani hazimo. Nilikuona ulivyofurahi nikashindwa kukwambia. Na hizi zote ni hivyo hivyo. Mtu akiifunga nyumbani kwake itamuunguzia kompyuta, labda na nyumba."

Rangi za feni zilikuwa zinapita usoni mwake. Mshona viatu akaliweka boksi lake chini polepole, kama anaweka yai. Kipara akayasukuma mawili yake kwa ncha ya kiatu.

Mjomba hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alivua miwani, akaikunja, akamgeukia Fundi Subiri.

"Wewe ndiye uliyeilipua?"

"Ndiyo, mzee."

"Na nilipokuwa juu ya kiti najisifu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na hii posa yako," akasema Mjomba, taratibu, kila neno limesimama peke yake, "nayo ni feni ya rangi? Ya kunizubaisha?"

Mimi nilikuwa namtazama Fundi kuliko wote, na sitaficha, niliogopa jibu lile kuliko nilivyoogopa ule mlipuko.

Fundi akafungua mdomo.

"Subiri," Mjomba akamwambia.

Akakizungusha kiti kikubwa cha kunyolea, kile cha ngozi, kikamwelekea mgeni. Akakung'uta kitambaa cheupe kikapiga paa! hewani. Akachovya brashi kwenye sabuni, akaikoroga mpaka povu likasimama.

"Kaa hapa," akasema. "Miaka yote ya kazi yangu, hajanidanganya mtu mwenye wembe wangu shingoni."

Fundi akanitazama mimi mara moja. Akavua miwani, akanikabidhi niishike. Kisha akaenda, akakaa, akaegemea nyuma, na akainua kidevu.

"Uliza, mzee," akasema.